Ekseli ya Kevo

[06:12] Anti Wanjiru: Amkeni. Pikipiki bado imelala mlangoni kwa Kevo huko Kayole na Ijumaa ni siku ya chama. Nataka kujua nani anaenda leo na amebeba nini. Sitaki emoji.

[06:13] Mwas: 👍🏾

[06:13] Anti Wanjiru: Mwas!

[07:40] Kevo: Shikamoo anti. Nati ilitoka vizuri. Ekseli, ile fimbo ya katikati ya gurudumu, ndiyo imekataa kutoka. Jana nimegonga hadi mama watoto akaniambia nihamie Kamukunji kwa wagonga mabati.

[07:41] Mwas: Huko utarudi na sufuria 😂

[07:55] Dan Fundi: Kevo umegonga ncha yenyewe?

[07:56] Kevo: Kidogo tu

[07:58] Dan Fundi: Wacha kabisa. Ncha ikifura haitapita kwa tundu la foku, ile miguu inayoshika gurudumu. Rudisha nati hadi ilingane na ncha, weka kipande cha shaba au mbao ngumu, ndio upige. Na kabla ya kupiga, shika kichwa kwa spana ndefu ujaribu kuizungusha, mbele nyuma mbele nyuma.

[08:03] Kevo: Inazunguka lakini haitoki

[08:05] Dan Fundi: Basi kwa foku iko huru. Imeshikana na beringi na ile bomba fupi iliyo katikati yake. Hiyo ni kazi ya kuoshwa na mashine ya presha kila jioni, maji yanapita sili, ile mipira ya kuziba. Mwagia mafuta ya kutoa kutu uiache ilale. Kuna wanaochanganya mafuta ya gia ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu.

[08:06] Mwas: Asetoni si iko saluni kwa anti? Ekseli ipakwe na rangi ya kucha nyekundu 💅🏾

[08:06] Wambo: 😂😂😂

[08:09] Anti Wanjiru: Chupa iko, Kevo atume mtu. Isipotoka hivyo?

[08:15] Dan Fundi: Kuna wanaopasha moto, lakini hapo kuna sili, grisi na tairi, sipendi. Mimi ningekata. Msumeno wa chuma, wembe mpya, unapita kati ya gurudumu na foku pande zote mbili. Ekseli inanunuliwa, foku ukiipasua umelia.

[08:17] Anti Wanjiru: Msumeno na tochi ya gesi viko kwenye lile sanduku. Lile sanduku liko kwa Sammy. Tangu harusi ya Wambo.

[11:32] Anko Sammy: Nilisema sanduku litatoka siku tutakapoongea kuhusu pesa ya hema.

[11:33] Anti Wanjiru: Unaniambia mimi hema Sammy? Mimi?

[11:33] Mwas: Wuueh

[11:35] Anti Wanjiru: Risiti ninazo. Nizitume hapa?

[11:50] Kevo: Jamani ni ekseli tu

[13:04] Guka: Nimesomewa yote. Asetoni na tochi ya gesi haviingii ploti moja na wajukuu wangu. Hema nililipa mimi na sijamdai mtu. Sammy, toa msumeno.

[14:20] Anko Sammy: Sawa baba.

[14:21] Anti Wanjiru: Asante baba.

[14:30] Anti Wanjiru: Kwa hivyo Sammy analeta msumeno saa ngapi? Dan?

[15:47] Dan Fundi: Niko Kariobangi na injini ya mtu. Nikimaliza mapema nitapitia. Kevo, ukienda Grogan kwa spea beba ile ya zamani hata kama ni vipande, upimie urefu na unene. Nunua na beringi mbili na sili, usirudishe hizo. Na ukifunga, paka grisi ekseli yote.

[15:49] Kevo: Sasa nitaibeba aje na bado iko ndani

[15:49] Mwas: Beba pikipiki mgongoni

[15:52] Anti Wanjiru: Na nani analipa hizo beringi?

[16:40] Anti Wanjiru: Watu 14 wamesoma.

[18:26] Wambo: Ndio nimetoka kazini. Naweza kutoa ya sili. Na ni nani alianzisha mambo ya harusi yangu?

[18:31] Anko Sammy: Msumeno nimepata. Wembe hauna meno.