Atakayeniambia tena "weka deep" tutakosana humu

Wakuu, Jumanne nimeshuka daladala mgongo unaungua. Si jua. Ni laptopu yangu ya Linux ndani ya begi, kifuniko nimekifunga mwenyewe alfajiri chaji ikiwa asilimia 91. Nafungua dukani, feni inalia kama mashine ya kusaga, asilimia 6, halafu giza. Na mteja kasimama anasubiri risiti yake.

Nikaja humu na uzi. Majibu kumi na kitu, karibu yote wimbo mmoja: ongeza mem_sleep_default=deep (ilale usingizi mzito) kwenye GRUB, ile programu inayoiwasha Linux. Jamani, mnasoma swali au mkiona neno "kulala" mnarusha dawa tu? Niliandika wazi kwamba cat /sys/power/mem_sleep inanipa s2idle peke yake, yaani usingizi mwepesi. Hiyo deep haipo! BIOS, programu ya kiwandani inayoamsha mashine, isipoitoa, keneli (kiini cha Linux) itaitoa wapi? Hata hivyo nikaongeza, nikawasha upya, nikaonekana mjinga mbele ya mashine yangu mwenyewe.

Hasira kubwa lakini ni kwa watengenezaji. Usingizi wa zamani, S3, ndiyo hiyo deep, ulikuwa na adabu: karibu kila kitu kinakatiwa umeme, RAM tu ndiyo inabaki na uhai. Sasa wametuletea mambo ya simu. Laptopu hailali, inasinzia, na kila kifaa ndani kinatarajiwa kitulie chenyewe. Kimoja kikigoma, umebeba jiko mgongoni. Na wasituambie kurudisha S3 haiwezekani. Mwaka 2018 ThinkPad X1 Carbon kizazi cha 6 ilitoka bila S3, watu wa Linux wakapiga kelele, ikaja BIOS yenye chaguo la kuirudisha. Kwenye hii yangu (kampuni siitaji, nisije nikaitwa) BIOS imejaa vikorombwezo, S3 hamna.

Aliyenifaa ni mmoja, na yeye aliniuliza swali badala ya kunipa amri: slp_s0_residency_usec inasomaje? Ipo /sys/kernel/debug/pmc_core, unaisoma ukiwa root (msimamizi wa mfumo), inahesabu muda ambao mfumo umelala kweli. Nikasoma, nikafunga kifuniko dakika kumi, nikasoma tena. Sifuri. Nikachomoa kipokezi cha mausi, sifuri. Nikazima bluetooth, sifuri. Saa saba usiku nikaondoa draiva ya kisoma kadi, modprobe -r rtsx_pci_sdmmc rtsx_pci, namba ikapanda. Tundu la kadi ya SD! Sijawahi kuchomeka kadi humo tangu ninunue, nalo ndilo limekuwa likinila chaji miezi minne yote hii.

Draiva yake nimeshaipiga marufuku kwenye /etc/modprobe.d, isipakiwe tena. Sasa inalala, jana usiku imekula asilimia 4 tu. Ila ikiamka Wi-Fi haipo mpaka niiondoe draiva yake na kuirudisha. Nimeweka skripti kwenye /usr/lib/systemd/system-sleep, pre (kabla ya kulala) iiondoe, post (ikiamka) iirudishe. Mara tatu inakubali, ya nne inagoma na modprobe, amri ya kuondoa na kurudisha draiva, inaning'inia hapo hapo.

Nani amepita hapa? Njoo na mistari yako ya journalctl (kumbukumbu za mfumo) tulinganishe. Mwenye deep yake apite kushoto.