Data za wateja ndani ya programu ya kusimamia miradi: cheti cha mtoa huduma kinatosha?

MratibuMiradi ameuliza:

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Mimi ni mratibu wa miradi katika kampuni ndogo ya utafiti yenye wafanyakazi 22. Kwa miaka minne sasa tumekuwa tukitumia programu ya kusimamia miradi inayoendeshwa kwenye seva za mtoa huduma, na taratibu kila kitu kimehamia humo: ratiba, bajeti, rasimu za mikataba, hata majina na namba za simu za watu tunaowahoji. Hivi karibuni mteja mmoja alitutumia dodoso la usalama wa data tulijaze kabla hajatia saini mkataba, nami nilipoketi kulijaza niligundua kwamba maswali mengi sikuwa na majibu yake.

Mtoa huduma wetu ameandika kwenye tovuti yake kwamba data zote zimesimbwa (zimegeuzwa maandishi yasiyosomeka bila ufunguo) kwa mbinu iitwayo AES-256, na kwamba ana cheti cha ISO/IEC 27001, kiwango cha kimataifa cha usalama wa taarifa. Mkurugenzi wetu anaona hilo linatosha. Mimi sina hakika. Maelezo hayo yana maana gani hasa, na sisi watumiaji tunabakiwa na wajibu upi? Hatuna mtaalamu wa TEHAMA wa kudumu; jukumu hili limeniangukia mimi, kwa hiyo naomba majibu ambayo mtu wa kawaida anaweza kuyafanyia kazi.

MlinziWaSeva amejibu:

Ndugu Mratibu, shaka yako ina msingi. Cheti cha ISO/IEC 27001 si cha kubezwa, lakini kinachothibitishwa ni kwamba mtoa huduma ana mfumo wa kusimamia usalama wa taarifa, na uthibitisho huo una mipaka iliyoandikwa kwenye cheti chenyewe. Omba nakala, usome kimehusisha huduma zipi, na uangalie kama ni cha toleo la 2022, kwa sababu toleo la 2013 limekwishapitwa na wakati. Kuhusu AES-256, usimbaji huo huzilinda data zikiwa zimehifadhiwa, yaani mtu akiiba diski hataambulia kitu. Zinaposafiri kati ya kompyuta yako na seva hulindwa na TLS, yaani usimbaji wa mawasiliano ya mtandaoni, ambayo ni jambo jingine. Lakini mtu akiingia kwa jina na nywila halali, programu yenyewe humfumbulia kila kitu na kumwonyesha, kwa kuwa ndiyo kazi iliyotengenezewa. Kwa hiyo, ukiniuliza mimi, swali kubwa kuliko lile la usimbaji ni nani anayeweza kuingia.

Anza na orodha ya watumiaji. Nilipoifungua ya kwetu kwa mara ya kwanza, nilikuta akaunti ya mwanafunzi wa mafunzo kazini aliyekuwa ameondoka miezi 14 kabla, na ilikuwa bado na haki za msimamizi, kwa sababu siku moja aliombwa aongeze sehemu mpya kwenye fomu na hakuna aliyekumbuka kuzirudisha haki hizo. Hakuna ubaya alioufanya, namshukuru, lakini angeweza kuufuta mradi wowote akiwa nyumbani kwake. Waangalie pia wageni, yaani wateja na wakandarasi walioalikwa kwenye mradi mmoja, kisha ukahakikishe kwamba kweli wanauona huo mmoja tu.

Baada ya hapo tafuta viungo vya wazi. Programu nyingi za aina hii humruhusu mtumiaji kutengeneza kiungo ambacho yeyote aliye nacho anaweza kukifungua bila kuingia kwenye akaunti, na nyingine huruhusu mradi mzima kuwekwa hadharani. Mwaka 2018 mtafiti mmoja wa usalama alionyesha kwamba kwa kutafuta kwenye Google tu aliweza kufikia kurasa za Trello, mojawapo ya programu hizi za kusimamia miradi, zenye nywila na taarifa za ndani za mashirika. Trello haikuwa imevunjwa. Wenye kurasa ndio walioziweka wazi, baadhi yao pengine wakidhani wanarahisisha kazi.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hulisahau: tokeni. Kila mara unapoiunganisha programu hiyo na barua pepe, kalenda au chombo cha kutengeneza ripoti, unakuwa umetoa ufunguo wa pembeni usiohitaji nywila yako, na mara nyingi hauhitaji hata hatua ya pili ya uthibitishaji. Mtu anaweza kubadilisha nywila leo na tokeni aliyoitoa miaka mitatu iliyopita ikaendelea kufanya kazi kama kawaida. Fungua ukurasa wa miunganisho, na ile ambayo hakuna anayeweza kueleza inatumika wapi ifute. Ikiwa kuna mtu alikuwa anaihitaji, atajitokeza mwenyewe.

MratibuMiradi:

Nimeshtuka. Nimefungua ukurasa huo wa miunganisho sasa hivi na kukuta 11, na ninayoitambua ni minne. Je, kuhusu nywila, tuwalazimishe watu kuzibadilisha kila baada ya miezi mitatu kama dodoso linavyoelekea kutaka?

MlinziWaSeva:

Hapana. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, uliotolewa mwaka 2017 ulishauri kuachana na desturi hiyo isipokuwa pale penye dalili kwamba nywila imevuja, kwa sababu watu wakilazimishwa huongeza tarakimu moja tu mwishoni. Lieleze dodoso hivyo hivyo. Badala yake, lazimisha uthibitishaji wa hatua mbili kwa kila mtu, wageni wakiwemo. Msimbo unaotengenezwa na programu ya simu na kubadilika kila sekunde 30 ni afadhali kuliko ule wa SMS, maana namba ya simu inaweza kuhamishiwa kwenye laini ya tapeli. Kwa wasimamizi, nunueni funguo za usalama za FIDO2, yaani vifaa vidogo vinavyounganishwa na kompyuta au simu wakati wa kuingia: hizo hata mtu akihadaiwa na ukurasa bandia hazitamjibu, kwa kuwa zimefungamanishwa na anwani halisi ya tovuti.

MtunzaKumbukumbu amejibu:

Naomba kuongeza upande ambao haujaguswa. Usalama wa data ni pamoja na kuzikuta data pale ulipoziacha. Mwezi Aprili 2022, Atlassian, watengenezaji wa programu ya kusimamia miradi iitwayo Jira, waliendesha hati ya kompyuta (orodha ya amri zinazojitekeleza) iliyokusudiwa kuondoa programu moja ya zamani, lakini ikapewa vitambulisho visivyo sahihi na kufuta tovuti nzima za wateja. Wateja wapatao 775 waliathirika, na baadhi yao walikaa karibu wiki mbili bila kuona kazi zao. Nakala rudufu zilikuwepo, lakini utaratibu wa kuwarudishia wateja wengi kwa mpigo ulikuwa haujaandaliwa, ndiyo maana ikachukua muda wote huo. Hawa si watu wazembe, na kampuni yao si ndogo.

Kwa hiyo kila wiki toeni data zenu nje ya programu na kuzihifadhi mahali pasipotegemea akaunti ileile. Angalieni vizuri faili mnayoitoa ina nini, kwa maana mara nyingi faili ya CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, hubeba majina ya kazi na tarehe tu, huku maoni na viambatisho vikibaki nyuma. Na msiridhike mpaka mmejaribu kuurudisha mradi mmoja kutoka kwenye nakala hiyo. Sisi tulipojaribu, viambatisho vyote vilikuwa ni viungo vinavyorudi kwenye programu ileile tuliyokuwa tunajikinga nayo. Tulicheka, lakini tulikuwa tumeitunza takataka hiyo kwa mwaka mzima.

SevaYangu amejibu:

Mnajitaabisha bure. Wekeni programu huria (isiyomilikiwa na kampuni moja, ambayo yeyote anaweza kuipakua na kuiendesha) kwenye seva yenu wenyewe, na hakuna mtoa huduma atakayegusa data zenu.

MlinziWaSeva:

Kwa heshima, ndugu, ushauri huo unawafaa wenye mtu wa kuitunza seva kila siku, na mwenzetu ameeleza kwamba hana. Mwezi Juni 2022 dosari yenye namba CVE-2022-26134 iligunduliwa katika Confluence, programu ya Atlassian ya kuandika na kushirikiana nyaraka, wavamizi wakiwa wamekwishaanza kuitumia kabla kiraka (sasisho la kuiziba) hakijatolewa, na walioathirika walikuwa wale walioiendesha kwenye seva zao wenyewe. Waliochelewa kuweka kiraka hata kwa siku chache walikuwa hatarini. Kampuni ya watu 22 isiyo na fundi itachelewa.

MkusanyaTakwimu amejibu:

Mimi nimekwama kwenye sentensi moja ya muulizaji, ile ya namba za simu za wahojiwa. Kwa nini zimo humo? Kwenye kadi ya kazi inatosha kuandika msimbo wa mhojiwa, huku jedwali linalounganisha msimbo na jina likihifadhiwa kwingine, chini ya watu wawili tu. Kumbuka pia kwamba kila maoni yanapoandikwa, programu hutuma arifa kwa barua pepe kwa wote wanaoufuatilia mradi, mara nyingi ikiwa na maandishi yote. Ukilifuta jina kwenye kadi, nakala zake zinaendelea kukaa kwenye visanduku vya barua vya watu 15. Nenda kwenye mipangilio, ufanye arifa zioneshe kwamba kuna jambo jipya bila kulitaja.

MratibuMiradi:

Nawashukuru nyote. Miunganisho saba nimeizima. Mmoja wa wahasibu amelalamika baada ya saa mbili, basi huo tumeurudisha kwa ruhusa ya kusoma tu. Hatua mbili zitakuwa lazima kuanzia Jumatatu. Namba za wahojiwa tumeanza kuziondoa, ila nimegundua kwamba historia ya kila kadi inaonyesha thamani ya zamani hata baada ya kuifuta. Hilo linafutwaje?

MkusanyaTakwimu:

Kwa programu nyingi, mtumiaji hawezi kuifuta historia hiyo. Tengeneza kadi mpya isiyo na namba, hamishia humo yale yanayohitajika, kisha ifute kadi ya zamani hadi kwenye pipa la taka na kulimwaga pipa lenyewe. Halafu mwandikie mtoa huduma umuulize data zilizofutwa hukaa kwenye nakala zake rudufu kwa siku ngapi. Jibu lake la maandishi liambatanishe na dodoso la mteja.