Mjomba anarudi kutoka Houston Desemba: anunue laptopu huko au tutafute hapa Kisumu?

Mwalimu_Lurambi

Habari zenu. Kijana wangu amepata nafasi ya Sayansi ya Kompyuta hapo Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, na mjomba wake aliye Houston amejitolea kumnunulia laptopu akija nyumbani Desemba. Ametenga dola 600. Nimefurahi kweli, lakini kila ninayemuuliza ana lake. Mwalimu mwenzangu anasema mashine ya Marekani itaungua siku ya kwanza kwa stima yetu. Mwingine anasema pale uwanja wa ndege Nairobi watamtoza mpaka ajute. Shemeji anaona heri mjomba atume hizo pesa, tuchukue ex-UK, yaani iliyotumika Uingereza, pale Kisumu, na zitakazobaki zilipe chumba. Sina uwezo wa kununua mara mbili, na mtoto ataitegemea mashine hii hadi amalize. Wenye kujua, nisaidieni.

Fundi_wa_Kisumu

Mwalimu, hongera kwa kijana. Kazi yangu ni kutengeneza laptopu hapa mjini, kwa hivyo nakujibu kama mtu anayezipokea zikishaharibika.

Stima isikutishe. Mjomba asome maandishi madogo kwenye chaja, lile bonge la katikati. Yakisema INPUT 100-240V, 50/60Hz, chaja hiyo inakubali volti 120 za kwao na 240 zetu bila kubadilishwa chochote. Karibu chaja zote za laptopu ziko hivyo. Kinachotofautiana ni plagi: zao zina pini bapa nyembamba, zetu ni pini tatu nene kama za Uingereza. Watu hukimbilia adapta za bei rahisi, nazo zikilegea hutoa cheche. Kwa chaja nyingi, ule waya wa kutoka ukutani hadi kwenye bonge huchomoka. Nunua waya wenye plagi yetu, mitaa ya Oginga Odinga hawakosi, uuchomeke pale pale. Kama chaja ni kipande kimoja cha kuchomekwa moja kwa moja ukutani, hapo ndipo utahitaji adapta, na uchukue nzito.

Sasa jambo ambalo naomba ulishike kuliko yote. Kabla ya kuuliza mashine ina kasi gani, uliza kama itafunguka na kama vipuri vyake viko hapa. Naletewa laptopu nyembamba, nzuri ajabu, zawadi kutoka ng'ambo, lakini RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, imechomelewa kwenye bodi na betri yake hakuna muuzaji wa hapa aliyewahi kuiweka. Mwanafunzi anakaa wiki na wiki akisubiri kipuri, mitihani inamkuta hana kitu. Inaniuma sana kumwambia mzazi kwamba mashine ni nzima ila kwa hiyo betri tu.

Zile ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell na EliteBook za HP unazoziona kila duka hapa zilikuwa za maofisi ya Ulaya na Marekani. Zimekuja nyingi, na vipuri vimezifuata: kioo, kibodi, bawaba, betri, vyote napata mjini au kwa basi la usiku kutoka Nairobi. Mjomba anunue katika ukoo huo. Iliyotumika, yenye RAM ya GB 16 na SSD (diski ya kuhifadhi) ya GB 512, ataipata ndani ya bajeti yake.

Wazo la shemeji si baya pia, ila aangalie kizazi cha prosesa, ule ubongo wa mashine. Microsoft ilimaliza kuhudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. EliteBook 840 G3, ambayo bado inauzwa sana hapa, ni ya kizazi cha 6. Soma namba ya prosesa, zile tarakimu za kwanza baada ya kistari: i5-6300U ni ya 6, i5-8250U ni ya 8, i5-1135G7 ni ya 11.

Na akinunua iliyotumika, aifute irudi kama ilivyotoka kiwandani, aiunganishe na intaneti, aipitishe hatua zote za mwanzo akiwa bado huko. Baadhi ya mashine za kampuni hubaki zimesajiliwa kwa mwajiri wa zamani. Ikifika Kakamega ndipo iseme ingia kwa akaunti ya kazi, mimi sina la kukusaidia, na aliyeiuza yuko Houston.

Nesi_Lanet

Mwalimu, niliishi Texas kabla ya kurudi Nakuru. Bei ya kwenye rafu kule si bei ya kulipa. Houston kodi ya mauzo ni asilimia 8.25 na huongezwa ukifika kwa keshia: ya dola 600 inakuwa 649.50. Atafute ya 550 hivi.

Ule mpango wa ziada wa matengenezo wanaouza dukani auache. Mara nyingi unatengenezewa huko huko tu.

Kuhusu forodha, kompyuta hazina ushuru wa kuingiza bidhaa katika ratiba ya ushuru ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini VAT ya asilimia 16 ipo. Mwaka 2023 KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, walipowakumbusha wasafiri kwamba vitu vya zaidi ya dola 500 hutozwa, kelele zilikuwa kubwa. Viwango hubadilika, kwa hivyo aangalie tovuti yao karibu na safari. Abebe risiti, na akiulizwa aseme ukweli kwamba ni ya mpwa wake. Laptopu moja iliyo na risiti ni maongezi mafupi. Na asiitie kwenye sanduku la kupakiwa, aibebe mkononi, kwa sababu ya betri na kwa sababu masanduku hurushwa.

Mwalimu_Lurambi

Mungu awabariki. Nimemsomea kaka, huyo mjomba, yote haya kwa simu na amekubali kutafuta ThinkPad iliyotumika. Anauliza kama aongeze printa ndogo, ameiona kwa bei nzuri.

Fundi_wa_Kisumu

Printa aiache isipokuwa imeandikwa 100-240V. Vifaa vingi vya nyumbani vya kule, pasi na blenda zikiwemo, ni vya volti 120 peke yake, na hivyo kwa stima yetu vinaungua kweli. Nadhani hapo ndipo mwalimu mwenzako alipopata habari yake. Wino wake nao huenda usipatikane hapa. Akiwa na dola za ziada, anunue chaja ya pili, halisi, ya modeli hiyo hiyo. Moja ikae hosteli, nyingine nyumbani.