Pointi 10 kwa mpigo, halafu mtu wa 115 ananiambia "sheria ni msumeno"!!!

Mnazi_Toffee
Wakuu, naandika mikono inatetemeka, msinisahihishe herufi.

Leo Ijumaa, 17 Novemba 2023, hakuna mechi ya ligi, wachezaji wako timu za taifa. Nimekaa kijiweni na kahawa yangu na kashata, sina ugomvi na mtu. Mara simu inalia: Everton yangu, Ligi Kuu England, wamekatwa pointi 10 kwa kuzidisha hasara. Asubuhi tulikuwa na 14, tumejikalia nafasi ya 14 kwa raha zetu. Sasa tuna 4, wa 19, tumekumbatiana na Burnley. Nafasi tano tumeshuka na hakuna aliyegusa mpira!

Hilo ningelimeza. Ila yule jamaa, mnamjua, mnazi wa ile timu ya Manchester ya jezi za samawati (siwataji, wana mawakili wengi kuliko mabeki), akaniwekea mkono begani akasema: "Mjomba, sheria ni msumeno."

Msumeno! Mtu ambaye timu yake ina mashtaka 115 ya fedha ananiambia MIMI msumeno!

Sisi hasara pauni milioni 124.5 kwa miaka mitatu, ligi inaruhusu mwisho 105. Tumezidisha 19.5, kwao hiyo si hela ya beki wa akiba? Tulishtakiwa Machi, Novemba tumenyongwa. Wao walishtakiwa Februari, Juni wako juu ya basi na makombe matatu. Msumeno gani huo, unakata mchicha, ukifika kwenye mbuyu unadai kwanza unolewe?

Na ule mkono ulikuwa umetoka kwenye sambusa. Mafuta yako kwenye shati mpaka sasa. "Mjomba." Mjomba wake nani?

Mimi na Everton tangu Rooney alipoachia lile shuti la mbali pale Uwanja wa Taifa, Dar, 2017. Sihami.

Bunduki_Mbagala
Kwa mpira mnaocheza mngeshuka tu. Mmepewa kisingizio, shukuruni.

Bibi_Kizee_Turin
Pole mkuu, ila wewe bado mchanga kwenye kukatwa. Sisi Juventus kule Italia, Januari walitukata 15, Aprili wakaturudishia, Mei wakakata 10. Jioni moja tumetoka wa 2 hadi wa 7, na usiku huohuo Empoli wakatupiga 4-1. Nani alinipa pole?

Samawati_Damu
115 ni tuhuma, sio hukumu. Mleta mada jifunze kusoma. Na shati lenyewe lilikuwa na madoa tangu jana.

Mnazi_Toffee
NDIYE HUYU WAKUU. Kajileta mwenyewe!! Shati utalifua.

Samawati_Damu
Sijasema ni mimi. Nimesema shati.

Mwana_Kariobangi
Nyinyi Everton mlikuja Kasarani, Nairobi, 2019, sisi Kariobangi Sharks tukawatoa kwa penalti. Wakate hata 20, sitalia.

Kogalo_Damu
Wewe Sharks usijitanue. Sisi Gor Mahia tulicheza nao mpaka Goodison, uwanjani kwao.

Mwana_Kariobangi
Mkapigwa ngapi huko Goodison? Andika hapa kwa tarakimu.

Kogalo_Damu
Hali ya hewa ilikuwa baridi.

Bunduki_Mbagala
😂😂😂 Nne bila, za baridi.

Darajani_Daima
Mimi nina wasiwasi na sisi Chelsea. Winga wetu Mudryk kasaini miaka 8 na nusu, mwanangu atamaliza shule jamaa bado anatafuta goli. Siku wakigeukia hesabu zetu itakuwaje?

Bibi_Kizee_Turin
Mtakuja kunitafuta, nitawafundisha kuvumilia.

Mama_Kibanda_Umiza
Nyie mnalia pointi za Ulaya. Huku kwetu mwenye kibanda cha kuonyeshea mpira kapandisha kiingilio toka 500 hadi 1,000 na TV imepasuka kona ya kushoto. Kona zikipigwa upande huo tunasikia kelele tu.

Darajani_Daima
Kibanda kipi? Kile cha nyuma ya soko?

Mama_Kibanda_Umiza
Hichohicho.

Bunduki_Mbagala
Kumbe na wewe upo pale! Yule mzee ana feni moja, na kaielekeza kwake.

Mnazi_Toffee
Wakuu turudi kwenye msumeno basi.

Bunduki_Mbagala
Subiri mjomba. Mama Kibanda, ile feni mlichanga au aliinunua mwenyewe?

Mama_Kibanda_Umiza
Tulichanga! Na daftari la michango ninalo.