Kwa nini tunajaribu vigawo vya 6 pekee? Swali kuhusu polinomia za kipeo cha tatu

Mwanafunzi, Mbale

Salamu, walimu wangu na wakubwa zangu. Niko kidato cha tano, ninasoma hisabati pamoja na fizikia na kemia, na tumeanza mada ya polinomia, yaani semi za hisabati zinazojumlisha vipeo vya x kama x³ na x². Utaratibu ninaufuata bila shida: nikipewa x³ − 7x + 6, ninajaribu x = 1, ninapata 0, kisha ninagawanya kwa x − 1 na kuendelea mpaka nifikie (x − 1)(x − 2)(x + 3). Kinachonisumbua ni sababu. Kwa nini jibu likiwa 0 ninakuwa na hakika kwamba x − 1 ni kigawo? Kwa nini ninaambiwa nijaribu vigawo vya 6, lakini nisijaribu 4 wala 5? Tena, mlinganyo wa kipeo cha pili una fomula yake. Je, wa kipeo cha tatu hauna, hata tulazimike kubahatisha?

Mwalimu wa hisabati, Lira

Mwanangu, anza na namba za kawaida. Ukigawanya 17 kwa 5 unapata 3 na baki 2, yaani 17 = 5 × 3 + 2. Polinomia nazo hugawanyika vivyo hivyo: p(x) = (x − a)·q(x) + r, ambapo p(x) ni polinomia yenyewe, q(x) ni jibu la kugawanya na r ni baki. Kwa kuwa kipeo cha baki lazima kiwe kidogo kuliko kipeo cha kigawanyo, na x − a ni ya kipeo cha kwanza, r haiwezi kuwa na x ndani yake. Ni namba tupu. Sasa weka a mahali pa x. Mabano ya kwanza yanakuwa 0, yanaifuta q(x) yote bila kujali ilivyo ndefu, na kinachosalia ni p(a) = r. Kwa hiyo unapojaribu x = 1 hubahatishi: unapata baki bila kugawanya, na baki likiwa 0 basi x − 1 ni kigawo. Vitabu vingi hutenganisha kanuni ya baki na kanuni ya kigawo, jambo ambalo kwa maoni yangu huwafanya wanafunzi wakariri mara mbili kitu kimoja.

Kuhusu 6, chukulia kwamba namba kamili n inaufanya mlinganyo wako kuwa 0. Basi n³ − 7n = −6, yaani n(n² − 7) = −6. Mabano yale nayo ni namba kamili, kwa hiyo n lazima iigawanye 6 bila baki. Namba 4 na 5 haziwezi, lakini usizisahau hasi: −3 ndiyo iliyokupa x + 3.

Unapogawanya kwa njia ndefu, andika x³ + 0x² − 7x + 6. Sifuri ile inashika nafasi kama inavyoshika nafasi ya mamia katika 1,076.

Mhandisi, Jinja

Ninaongeza tahadhari moja kwa maelezo ya Mwalimu. Hoja yake inategemea namba iliyo mbele ya x³ kuwa 1. Katika 2x³ − 3x² − 3x + 2, vigawo vya 2 vitakupa −1 na 2, lakini jibu la tatu ni ½, kwa sababu vigawo vyake ni (x + 1)(x − 2)(2x − 1). Hapo unajaribu pia sehemu ambazo namba ya chini inaigawanya namba iliyo mbele ya x³.

Fomula ya kipeo cha tatu ipo. Mwanahisabati wa Italia, Girolamo Cardano, aliichapisha mwaka 1545, pamoja na ya kipeo cha nne iliyopatikana na mwanafunzi wake, Lodovico Ferrari. Ni ndefu na mara nyingine hupitia mizizi ya namba hasi hata pale ambapo majibu yote ni namba za kawaida, ndiyo maana shuleni tunatafuta vigawo. Kwa kipeo cha tano, mwanahisabati wa Norwe, Niels Henrik Abel, alithibitisha mwaka 1824 kwamba fomula ya jumla ya namna hiyo haiwezi kupatikana.

Mwanafunzi, Mbale

Ahsanteni sana. Je, hoja hiyo ya baki ndiyo inayotumika pale tunapoambiwa kwamba x³ + ax² + bx − 6 inagawanyika kwa x − 1, na ikigawanywa kwa x + 1 inaacha baki −24?

Mwalimu wa hisabati, Lira

Ndiyo hiyo hiyo, na maswali ya namna hii huwafaa sana wanaojiandaa kwa UACE, mtihani wa kumaliza kidato cha sita hapa Uganda. Kutokana na p(1) = 0 unapata a + b = 5, na kutokana na p(−1) = −24 unapata a − b = −17. Jumlisha: 2a = −12, hivyo a = −6 na b = 11. Sasa tafuta mwenyewe vigawo vya x³ − 6x² + 11x − 6; kimoja umeshapewa katika swali.