Nimelipia kitabu pesa yote, simu ikaharibika wakakifunga. Hii ni biashara gani?

Wadau wa Kisumu na kwingine, nimekasirika na sinyamazi. Msichana wangu anasomea unesi, nikamnunulia kitabu cha mambo ya dawa kwa mtandao, cha kusoma kwa simu, 4,200, juu cha karatasi hakipatikani hapa taoni na zile za Kibuye ni za zamani sana, vipimo vya dawa vimebadilika, huwezi pea mtoto asome hiyo alafu aende kudunga mtu. Simu yake ikaingia maji, fundi wa Kondele akasema bodi imeenda. Sawa, hiyo ni hasara yangu. Tukaingia na simu ingine, akaunti ileile, imeili ileile, skrini inasema "idadi ya vifaa imekamilika". Vifaa gani jameni? Kimoja, na kimekufa kiko kwa meza ya fundi! Kastoma kea wanataka kwanza nitoe kitabu kwa simu ya zamani ndio kifunguke kwa mpya. Nawaambia haiwaki kabisa, wananitumia ujumbe uleule tena.

VAT 16% iko hapo kwa risiti, wamenitoza kama mtu amenunua kitu, alafu kwa yale masharti marefu yenye hakuna mtu husoma wanasema kitabu si changu, nimeruhusiwa tu kukisoma. Cha karatasi akimaliza angepatia mdogo wake, ama auze. Na si hawa pekee. Amazon mwaka wa 2009 waliingia kwa Kindle za watu (vile vifaa vyao vya kusomea vitabu) wakafuta vitabu vimeshalipiwa, wakarudisha pesa ndio, lakini nani aliwaruhusu kuingia? Na 2025 wakaondoa ile njia ya kudaunlodi kitabu chako kwa kompyuta ukihamishe na waya.

Wenye mtasema achukue PDF ya wizi kwa Telegram, najua ziko, wenzake darasani wanazo na zinafunguka kwa simu yoyote. Mwenye amelipa ndiye amefungiwa nje! Hiyo kufuli haimgusi mwizi hata kidogo.

Na kabla mtu alete ile ya "hata SHA, hiyo bima ya afya ya serikali, ni hivyo tu, unakatwa bure", hapana, msichanganye. Nakatwa 2.75% ya mshahara wote, inauma, tena siku hizi hakuna mwisho kama ile 1,700 ya NHIF, bima ya zamani, na kama mnataka tubishane matibabu yalipiwe na kodi moja kwa moja kama Uingereza tangu 1948 fungueni uzi mwingine nitakuja. Lakini hiyo pesa nisipougua mimi, jirani yangu wa figo anasafishwa damu nayo. Ya kitabu imesaidia nani? Mtoto ana mtihani wiki ijayo.

Mawakili humu ndani, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inanikataza kuvunja hiyo kufuli, haya, ile ya Kulinda Wateja ya 2012 inampea nini mtu amelipa na hawezi fungua? Naanzia wapi? Risiti ninayo.