Mjadala: Msiba wa wanawake wa asili Kanada, uwekwe mtandaoni au usiwekwe?

Ndugu zangu, juzi mwenzetu mmoja aliandika humu kwamba wasanii wanawake wa jamii za asili Kanada wanaoposti habari za ndugu zao waliouawa wanatafuta laiki, na kwamba marehemu hasitiriwi mtandaoni. Nimeshindwa kunyamaza.

Mwaka 2014 polisi wa taifa wa nchi ile walitoa hesabu yao: wanawake wa asili 1,181, yaani 1,017 waliouawa kati ya 1980 na 2012 na 164 waliotoweka wasijulikane walipo. Familia zilikuwa zimelia miaka yote hiyo, zikiambiwa binti katoroka tu, atarudi. Kumsitiri marehemu ni heshima, sikatai. Ila hawa walifichwa.

Mwaka 2012 Christi Belcourt, mchoraji wa Kimetis, mojawapo ya jamii hizo za asili, aliomba kupitia Facebook watu washone, kwa kuwakumbuka wanawake hao, sehemu ya juu ya makasini, vile viatu vya ngozi vya wenyeji. Alitaka jozi 600. Zikaja zaidi ya 1,700. Nyingi zimetungwa shanga, punje moja moja, na hazikuungwa kuwa viatu kamili, makusudi, kwa sababu wenyewe walikatishwa safari. Zilitandazwa sakafuni juu ya kitambaa, na wageni wakavua viatu kabla ya kupita. Aliyekesha na sindano namna hiyo, laiki anazitafuta wapi?

Kuna pia msanii Jaime Black na magauni yake mekundu, matupu, yaliyotundikwa mitini yakipeperuka bila mwili ndani. Sisi wa kanga hatuhitaji kufundishwa kwamba nguo husema. Kila tarehe 5 Mei, siku ya kuwakumbuka wanawake hao, picha za magauni hayo huenea kote.

Jibu:
Dada, nimekusoma na shanga zimenigusa. Lakini tarehe 5 Mei hiyohiyo, mwaka 2021, stori za Instagram kuhusu wanawake hawa zilitoweka. Kampuni ikaomba radhi, ikasema ni hitilafu ya mitambo iliyokumba dunia nzima. Haya, tuseme ni hitilafu. Bado kumbukumbu ya mwanao umeiweka kwenye ghala la mtu, na ufunguo anao yeye. Halafu yule mama anayesoma matusi chini ya picha ya bintiye, nani anamfuta machozi?

Jibu la mwanzisha mada:
Kaka, la ghala umenishika. Watu waliokuwa wamepotea wakapotezwa mara ya pili, siku yao wenyewe ya kukumbukwa. Lakini angalia alichofanya Belcourt: Facebook ilikuwa mbiu ya mgambo tu, zile jozi zilikaa mikononi mwa watu na kuzungushwa mji kwa mji. Naona hapo ndipo mpaka ulipo. Ita watu mtandaoni, kumbukumbu itunze nyumbani.

Kuhusu matusi sina jibu. Mwenye ndugu aliyeyapitia, kama anaweza, atueleze familia ilifanyaje: walifunga maoni, waliondoa picha, au waliiacha palepale?